Ngazi Zisizo na Nyumba

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile: "Neema, ulimpeleka wapi yule bibi?" Wengine mmesikia kwamba tulipotea msituni siku mbili. Wengine mmeambiwa tulikwenda kutazama dubu. Nimechoka kusimulia vipandevipande kwenye lifti na nje ya kanisa, kwa hiyo nimekaa niandike yote mara moja. Mama Gulshan mwenyewe ameniruhusu. Amesema nisipunguze kitu.

Kutoka Dixon hadi North Bay

Mnajua kazi yangu: naendesha gari la kupeleka wazee kliniki na kuwarudisha. Mama Gulshan ni abiria wangu wa Jumanne na Ijumaa. Ana miaka sabini na tisa, mzaliwa wa Mwanza, Mwismaili, na mumewe, Mzee Sadru, alifariki mwaka jana. Anaishi peke yake ghorofa ya kumi na moja hapo Dixon, Toronto. Tulianza kuzoeana siku aliponisikia nikimgombeza mtu kwa simu, akasema kutoka kiti cha nyuma, "Mwanangu, hilo tusi bado linatumika? Nilidhani lilikufa na bibi yangu."

Mwezi wa tisa aliniuliza likizo yangu inaanza lini. Nikamwambia. Akasema, "Basi nipeleke kaskazini kwa gari lako. Siku nne. Watoto wasijue."

Nikadhani anataka kuona majani yakibadilika rangi, kama wanavyofanya watu wengi wa hapa. Nikamwambia hakuna haja ya kwenda mbali hivyo, hata hapa karibu kuna miti mizuri. Akaniangalia kwenye kioo. "Nani amekwambia habari ya miti?"

Binti yake Yasmin, anayeishi Markham, aliambiwa mama anakwenda kukaa na rafiki yake Malvern. Sikupenda uongo ule, lakini nilikuwa nimeshakubali.

Tuliondoka baada ya chakula cha mchana, na foleni ikatushika mpaka Barrie. Alikuwa amepika kebabu na chapati za kutosha watu kumi, na chai ya tangawizi kwenye chupa mbili. Tulipovuka Barrie na magari kupungua, akaanza kunieleza tunakokwenda.

Alisema baada ya vita vikuu wakubwa wa nchi hizi waliogopa kwamba ndege za Warusi zitakuja na mabomu kwa kupita juu kabisa, kwenye kilele cha dunia, kwa sababu huko ndiko njia ilipo fupi. Basi wakajenga vituo vya rada kwa mistari, toka pwani moja hadi nyingine, kwenye misitu ambayo hakuna mtu aliyekuwa na shughuli nayo. Kila kituo kilikuwa na wanajeshi waliokaa gizani mbele ya vioo, zamu kwa zamu, wakingoja alama moja ndogo ya mwanga. Familia zao ziliishi hapohapo. Palikuwa na shule, duka, kanisa, zahanati, hata ukumbi wa kutupia mipira.

"Na Mzee Sadru?"

"Sadru alikuwa fundi umeme. Tulipofika Kanada miaka ile ya sabini, kila tajiri wa Toronto alimwambia hana uzoefu wa nchi hii. Huko porini hawakuuliza uzoefu. Waliuliza kama anaogopa baridi. Akasema haogopi. Hakuwahi kuiona."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Tulilala North Bay. Asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, amevaa koti na viatu, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Kwenda juu ya Kapuskasing

Siku ya pili tulikaa saa tatu barabarani bila kusogea. Gari la magogo lilikuwa limemgonga mnyama mmoja wa huku, mkubwa kuliko nyati, mwenye pembe kama majembe. Polisi walifunga njia. Dereva wa lori la mbele yetu, mwanamume mnene mwenye ndevu nyekundu, alikuja kuuliza kama bibi anahitaji blanketi. Mama Gulshan akampa kebabu mbili. Alipokula akarudi tena, safari hii na blanketi kweli, ingawa tulishamwambia hatuhitaji.

Humo ndani ya gari, katikati ya foleni, ndipo aliponiambia.

Alikuwa na mimba ya miezi saba, majira ya baridi yao ya pili kule. Theluji ilifunga barabara siku nne. Uchungu ukamjia kabla ya wakati, na pale kituoni palikuwa na muuguzi mmoja tu. Mtoto wa kiume alizaliwa amekufa. Ardhi ilikuwa imeganda kama chuma, kaburi halichimbiki mpaka theluji iyeyuke. Wakamweka kwenye sanduku dogo, sanduku likawekwa kwenye chumba kisicho na joto nyuma ya kituo cha zimamoto. Mama mwenyewe akashikwa na homa, na njia ilipofunguka akapelekwa hospitali Toronto kwa ndege ndogo. Hakurudi tena kule.

"Sadru alikuja baada ya wiki mbili. Akaniambia, nimeshapanga. Nikamuuliza, umepanga nini? Akasema, atazikwa. Akanyamaza. Mwaka ule wote, nikiuliza, jibu ni hilo moja: atazikwa. Baadaye ikawa, amezikwa. Nikamuuliza, wapi? Nani alimzika? Ulimwona? Anaondoka chumbani." Alikuwa akifunga na kufungua kifuniko cha chupa ya chai. "Nilingoja aniambie akiwa mgonjwa. Hakuniambia. Sasa mimi nitaondoka na mwanangu yuko nyuma ya chumba cha zimamoto."

Magari yakaanza kusogea, nikawasha injini.

Mji tuliofikia sitautaja, maana ni mdogo na watu wake hawakuniomba niwaandike. Upo mbele ya Kapuskasing na wengi wao huzungumza Kifaransa. Moteli ilikuwa na mkahawa, na tuliagiza chakula kilichotajwa ukutani kwa herufi kubwa: chipsi zilizomwagiwa mchuzi wa kahawia na vipande vya jibini vinavyolia mdomoni. Mama Gulshan akasema kwa Kiswahili, polepole, "Hiki ni chakula au ni adhabu?"

Mpishi akatoa kichwa jikoni. "Mama, munatoka fasi gani?"

Huyo ndiye Furaha, mwanamke wa Bukavu, mama wa watoto wawili, mwaka wake wa sita pale. Alivua aproni akaketi nasi. Tulipomtajia kituo cha rada, uso ulimbadilika.

"Kule hakuna batu," akasema. "Nyumba zote walizibeba. Munaenda kutafuta nini?"

Kituoni

Tuliondoka asubuhi iliyofuata. Barabara ya kwenda kituoni ni ya changarawe, misonobari pande zote mbili, myembamba na mirefu. Sikukutana na gari hata moja. Nilikuwa nimehifadhi ramani kwenye simu, na sauti ya yule mama wa kwenye simu ndiyo pekee iliyosikika.

Tulifika palipo wazi kidogo. Nikasimama, kwa sababu sikuona kitu. Vichaka, miti michanga, nyasi zilizokauka. Lakini simu ikasema, "Geuka kulia," ikataja jina la mtaa.

"Geuka," akasema Mama Gulshan.

Nikatazama vizuri, nikaona kweli kuna lami chini ya vimea laini vya kijani vilivyotandaa. Nikageuka. Simu ikataja mtaa mwingine, na mwingine. Ramani ilikuwa bado na mji mzima ndani yake. Tuliendesha polepole kwenye mitaa ambayo haikuwa na nyumba, tukielekezwa kushoto na kulia na sauti isiyo na wasiwasi wowote. Kando ya barabara, kila baada ya hatua kadhaa, palikuwa na bomba jekundu la zimamoto limesimama kati ya miti. Na nyuma ya mabomba, ngazi. Ngazi za zege, tatu tatu, zinazopanda kwenda pasipo na kitu, safu nzima. Ukitazama ndani ya msitu unaziona zikiendelea, mpaka miti inapozificha.

Nilizima simu. Nikatamani nisingeizima, kwa ukimya ulioingia.

Mama Gulshan alishuka. Kwa kawaida hushika mkono wangu, lakini siku ile aliuacha. Alianza kutembea katikati ya mtaa na fimbo yake, akiongea kwa sauti ya chini, na nilipomkaribia nikasikia anachosema. Alikuwa anataja majirani. "Hapa yule mwalimu. Hapa mke wa sajini, ana mapacha. Hapa mbwa, pita upande huu." Akahamia upande wa pili wa barabara, kumpisha mbwa. Na mimi, mtu mzima, nikahamia pia.

Pale kwenye kona akakata kushoto, akapita penye nyasi tupu kwa kuzunguka pembe ya kitu ambacho sikukiona. Kisha akasimama mbele ya ngazi tatu, sawa na nyingine zote. Akapanda. Juu kabisa akafuta nyayo zake, kulia, kushoto. Akainua mkono.

"Mama, usiende mbele," nikasema. "Hakuna kitu hapo, utaanguka."

"Najua hakuna kitu," akajibu. Lakini mkono hakuushusha.

Nilipanda nikasimama nyuma yake, nimshike akiyumba. Mbele yetu kulikuwa na shimo la msingi lililojaa maji meusi, na misonobari miwili imeota ndani, mahali palipokuwa sebule. Juu ya kilima ulisimama mnara wa zege, ule uliobeba rada, hauna paa, na upepo ulipopita ndani yake ulitoa mlio mmoja mzito usiobadilika. Unausikia kifuani kabla ya masikioni.

Ghafla Mama Gulshan akaangusha fimbo na kuziba masikio kwa mikono miwili, macho kayafumba. Sikusikia chochote. Lakini papo hapo kunguru wote waliokuwa kwenye mnara wakaruka pamoja, makumi, wakazunguka juu yetu bila kulia hata mmoja.

Alipoyafungua macho nikamuuliza, "Nini, Mama?"

"King'ora," akasema. "Walikuwa wanakijaribu kila siku saa sita mchana. Mwili umezoea." Akainama kutafuta fimbo yake.

Nikatazama saa. Ilikuwa saa sita kamili. Mama Gulshan havai saa, na simu yake ilikuwa kwenye mkoba garini. Naandika nilichokiona. Maelezo sina.

Kituo cha zimamoto tulikikuta. Kuta mbili tu zilibaki, na sakafu. Nyuma palikuwa na chumba kidogo cha zege bila mlango. Aliingia peke yake. Nilibaki nje nikihesabu moyoni, nikafika mia tatu, nikamwita. "Mama Gulshan!" Sauti yangu ikarudi kutoka kwenye mnara, lakini ilichelewa mno, na niliyoisikia ilikuwa "Mama" peke yake.

Akatoka. Mikono yake ilikuwa na vumbi mpaka kwenye viwiko.

"Ni patupu," akasema. "Nimepapasa kila pembe. Twende."

Nyumbani kwa Furaha

Jioni ile Furaha alikataa tule mkahawani. Akatupeleka kwake, mwendo wa dakika tano, amepika sombe, yaani kisamvu, na samaki. Jua lilikuwa linakaribia kuzama. Nyumba yake ilikuwa ndogo, ya mbao, rangi ya krimu, na jirani zake zote zilifanana nayo.

Mama Gulshan alisimama kwenye njia.

"Hizi nyumba zimetoka wapi?"

"Si nilikwambia, Mama, walizibeba. Kituo kilipofungwa waliziuza, wakazileta huku na malori makubwa, nzimanzima. Mutaa huu wote ni nyumba za kule."

Mama Gulshan alipita mbele yetu, akapanda ngazi, akafuta nyayo, kulia, kushoto, akafungua mlango. Ndani kulikuwa giza. Kabla Furaha hajasema kitu, yule mama alipeleka mkono nyuma ya mlango, chini kidogo kuliko kawaida, akawasha taa. Furaha alinishika mkono. "Mimi mwenyewe ilinichukua mwezi muzima kujua ile fasi ya taa," akaninong'oneza.

Mama Gulshan alikwenda moja kwa moja kwenye chumba kidogo cha mwisho. Binti wa Furaha wa miaka minne alikuwa amelala humo, kidole mdomoni. Mama Gulshan alisimama mlangoni, mkono juu ya fremu, muda mrefu.

"Ni hii yenyewe?" nikamuuliza.

"Zote zilikuwa sawa," akasema. "Ningejuaje?"

Tukiwa tunakula, Mama Gulshan akauliza: watu waliokufa kituoni, walizikwa wapi? Furaha akasema makaburi ni yale ya mjini tu, nyuma ya kanisa. Halafu akasita.

"Sema," Mama Gulshan akamwambia.

"Kuko kaburi moja watoto wanaogopa. Dogo. Makaburi yote yamelala sawasawa, mistari, lile liko upande. Wanasema waliliweka sawa kama mengine, likageuka lenyewe chini. Mimi siamini, lakini sipiti pale." Akakusanya sahani. "Mzee Lucien ndiye anakata majani yake. Muulizeni. Kila asubuhi anakunywa kahawa mkahawani."

Makaburini

Mzee Lucien ana miaka themanini na kitu, mrefu, masikio yamechoka, Kiingereza chake ni cha kuazima. Tulimkuta mkahawani asubuhi, Furaha akakaa katikati kutafsiri. Zamani alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji kituoni. Mama Gulshan hakuzunguka. Akasema, "Mimi ni mke wa fundi umeme."

Furaha alipotafsiri, yule mzee aliweka kikombe chini, akavua kofia.

Alisema tukienda kule nyuma ya kanisa ndipo ataeleza, maana hapendi kuongea habari hizo mbele ya watu wanaokula mayai. Tukaenda, sisi wanne, umande ukiwa bado majanini.

Tuliliona kutoka getini. Safu zote zimenyooka kama mistari ya daftari, na lile moja dogo limezikata kwa mshazari, kama mtu aliyelala vibaya kitandani. Lina ubao mweupe, rangi mpya, umeandikwa kwa Kifaransa: *Mtoto wa fundi umeme.* Hakuna jina.

Mzee Lucien akaeleza. Kabla ya kuondoka, Sadru alimfuata, kwa sababu wanajeshi walihamishwahamishwa lakini Lucien alikuwa mwenyeji na asingekwenda popote. Akamwomba amzike mtoto mwezi wa tano. Akamwambia uso wake lazima utazame Makka. Lucien hakujua Makka iko wapi, na Sadru mwenyewe hakuwa na hakika: wenzake Toronto walikuwa wakielekea kusini-mashariki, kwa sababu kwenye ramani ya ukutani Arabuni iko chini. Basi wote wawili wakaenda chumba cha rada usiku wa zamu, jambo lililokatazwa kabisa, wakamuuliza ofisa aliyekuwepo.

"Yule ofisa alichukua tufe la dunia na uzi," akasema Lucien, na vidole vyake vikashika uzi usiokuwepo. "Akauvuta toka kwetu mpaka kwenye mji huo. Uzi haukwenda kusini. Ukapanda kaskazini-mashariki, ukapita huko juu, njia ileile tuliyokuwa tunangojea ndege. Mume wako alitazama uzi ule muda mrefu. Kisha akachora mshale kwenye sanduku kwa penseli ya seremala. Ofisa akanipa kipimo cha dira kwenye karatasi."

Mwezi wa tano alichimba. Padri wa wakati ule alikataa, akasema itaharibu safu. Lucien akamwambia basi nitachimba nje ya ukuta, na mimi nitazikwa nje ya ukuta pia. Padri akamwacha achimbe.

"Nilimwandikia mume wako," akasema. "Barua ilirudi. Anwani ilikuwa na makosa, au mmehama. Nikaendelea kukata majani."

Mama Gulshan aliketi chini, kwenye umande, na hakuna aliyemzuia. Akaweka kiganja juu ya majani. Nilidhani atalia, lakini alichosema kilikuwa cha hasira. "Angeniambia alichora mshale. Hata hilo tu." Baada ya muda akasema tena, kwa sauti nyingine, "Hakuwa na hakika kama walimzika. Hakutaka kuniapia kitu ambacho hakukiona." Akasoma dua. Furaha, ambaye hupita mbali na kaburi lile, alipiga magoti upande wa pili akasali kwa namna yake.

Mzee Lucien aliuliza kama tunataka aandike jina. Mama Gulshan akamwambia ni Rahim. Akaliandika kwenye kiganja chake kwa kalamu asilisahau, akamwomba Mama Gulshan alitamke mara mbili zaidi.

Kurudi

Tulipita Kapuskasing bila kusimama. Mama Gulshan alikula chapati mbili, jambo ambalo hakulifanya safari nzima, kisha akanitaka nipaki mahali penye mtandao. Nikapaki kwenye kituo cha mafuta. Akapiga simu, akaweka spika kwa sababu haisikii vizuri ile simu yake.

Yasmin alipokea na kuanza moja kwa moja, kwa Kiingereza, kwamba amempigia yule rafiki wa Malvern na amegundua kila kitu, na kwamba mama yake ana miaka sabini na tisa, na kwamba alikuwa karibu kupiga simu polisi. Mama Gulshan alimwacha amalize.

"Yasmin," akasema, "niko kaskazini, nimekwenda kumwona kaka yako."

"Kaka? Mama, Alnoor yuko Calgary."

"Si Alnoor. Mkubwa wenu."

Nilisikia kiti kikivutwa huko Markham. Aliponena tena, yule dada ambaye sijawahi kumsikia akitamka Kiswahili hata cha salamu, alisema polepole, neno baada ya neno, kama anayatoa kwenye sanduku la zamani.

"Mama. Mimi si wa kwanza?"

"Hapana, mwanangu," akasema Mama Gulshan. "Wewe ni wa pili."